Les Paul, mpiga gitaa aliyejitengenezea vyombo vyake

Les Paul alizaliwa tarehe 9 Juni 1915 katika mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, Marekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lester William Polsfuss. Alifariki Agosti 2009 akiwa na umri wa miaka 94, na mpaka mwaka huo alikuwa bado anapanda jukwaani New York kila Jumatatu usiku. Wapiga gitaa wa nchi nyingi wanalijua jina lake kwa kuwa limeandikwa kwenye kichwa cha gitaa maarufu la kampuni ya Gibson. Wengi wao hawajui kwamba palikuwa na mtu mwenye jina hilo, wala kwamba mtu huyo alibadilisha namna muziki unavyorekodiwa dunia nzima. Kazi hiyo ya pili ndiyo kubwa zaidi, ingawa haikuandikwa jina lake popote.

Muziki aliuanza na kinanda cha mdomo, alichopewa akiwa mtoto na kibarua aliyekuwa akichimba mtaro barabarani. Baadaye akaongeza banjo, kisha gitaa la bei rahisi lililoagizwa kwa katalogi ya duka la Sears, Roebuck. Tangu hapo ilionekana tabia yake ya kutopokea chombo jinsi kilivyo. Ili apige gitaa na kinanda cha mdomo kwa wakati mmoja, alikunja waya wa kutundikia nguo, akapata kishikizo cha kuvaa shingoni ambacho angeweza kukigeuza kwa kidevu bila kuachia nyuzi. Nyumbani kwao palikuwa na piano ya mitambo, ile inayojipiga yenyewe kwa kufuata matundu yaliyotobolewa kwenye karatasi ndefu. Mtoto huyo alitoboa matundu yake mwenyewe katika karatasi za mama yake ili asikie noti za ziada, na tundu lililokosewa aliliziba kwa kubandika. Wazo la kuongeza sauti juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa lilianzia kwenye karatasi hizo.

Alipofikia umri wa kubalehe alikuwa akipiga nje ya kibanda cha nyama choma kando ya barabara ya Milwaukee, wateja wakimsikiliza kutoka ndani ya magari yao. Sauti yake ya kuimba haikufika mbali, hivyo akachukua sehemu ya kuzungumzia ya simu, akaiunganisha na redio ya mama yake, na redio ikawa amplifaya. Mteja mmoja akamwambia kwamba uimbaji unasikika ila gitaa halisikiki. Les akachukua sindano ya gramafoni, akaichomeka kwenye ubao wa juu wa gitaa na kuiunganisha na redio nyingine. Gitaa likasikika, lakini likaja na tatizo jipya, na tatizo hilo ndilo lililomshughulisha kwa miaka mingi iliyofuata.

Gitaa la kawaida lina tumbo wazi. Uzi ukipigwa, ubao wa juu hutikisika nao, na mtikisiko huo ndio unaoisukuma hewa na kuleta sauti. Kwa mtu anayepiga sebuleni bila umeme hilo ni jambo jema. Likiwekwa mbele ya spika, ubao huohuo huanza kutikiswa na sauti inayotoka kwenye spika, mtikisiko huo unaingia tena kwenye amplifaya, unatoka ukiwa mkubwa zaidi, na mwisho ukumbi mzima unajaa mlio mkali, kama ule unaosikika kwenye harusi pale mshereheshaji anapoisogeza maikrofoni karibu na spika. Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Ubao unapotikisika unaila nguvu ya uzi, na kwa sababu hiyo noti hufa mapema. Mpiga tarumbeta anaweza kuishikilia noti moja kwa pumzi ndefu. Mpiga gitaa wa miaka ya 1930 hakuweza.

Les Paul alitaka kuusikia uzi wenyewe, bila ubao kuuingilia. Alijaza gitaa lake matambara, kisha plasta, na halikumridhisha. Akatafuta kitu kigumu kuliko vyote alivyoweza kuvipata: kipande cha reli ya treni. Aliukaza uzi mmoja juu ya chuma hicho na kuweka chini yake sehemu ya kusikilizia ya simu, ambayo ndani yake mna sumaku na waya uliozungushwa. Uzi ukalia kwa muda mrefu na kwa sauti safi. Mama yake, ambaye katika simulizi za Les mwenyewe kila mara anatokea kuwa mwenye akili ya vitendo, alimkumbusha kwamba hakuna mwanamuziki atakayepanda jukwaani amebeba reli. Kanuni hata hivyo ilikuwa imethibitika, na kilichobaki ni kupata kitu kigumu kinachobebeka.

Wakati huohuo alikuwa anajenga jina kama mwanamuziki. Aliacha shule akiwa na miaka 17, akafuatana na mpiga gitaa Sunny Joe Wolverton, na baadaye akaishia Chicago akiwa na majina mawili. Katika vipindi vya redio vya muziki wa kijijini aliitwa Rhubarb Red. Usiku, kwenye klabu za jazi, alikuwa Les Paul. Santuri za Django Reinhardt, Mromani aliyekuwa akipiga Paris kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto baada ya kuungua moto, zilimwonyesha jinsi gitaa linavyoweza kuongoza bendi badala ya kuisindikiza tu. Mwaka 1938 alihamia New York na kundi lake la watu watatu, akaajiriwa katika okestra ya Fred Waring, na gitaa lake la umeme likasikika redioni Marekani nzima.

Jibu la swali la reli lilipatikana mnamo 1940 na 1941 katika kiwanda cha magitaa cha Epiphone, New York, ambako aliruhusiwa kutumia karakana siku za Jumapili. Alichukua gogo la msonobari la inchi nne kwa nne, akalifungia shingo ya gitaa, daraja, nyuzi, na pikapu mbili alizozitengeneza mwenyewe. Pikapu ni kifaa kidogo chenye sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga uga wa sumaku, na mkondo mdogo wa umeme unazaliwa ndani ya waya. Kwa hiyo pikapu haisikilizi hewa, inafuata mwendo wa uzi tu. Gogo lile lilifanya kila alichokitaka, lakini alipolipiga kwenye baa moja ya Queens, hukohuko New York, watu hawakujali. Akalipasua gitaa la Epiphone katikati, akayafunga mabawa yake kila upande wa gogo, akarudi. Sauti haikubadilika hata kidogo, ila safari hii watu walisikiliza. Gogo hilo, alilolipa jina la The Log, leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la muziki wa kantri mjini Nashville. Alipolipeleka Gibson miaka ya 1940, wakubwa wa kampuni walilikataa kwa dharau.

Karakana za aina hiyo hazikuwa salama. Mwaka 1941, akifanya majaribio katika nyumba aliyokuwa anaishi Queens, alipigwa na umeme vibaya na akachukua muda mrefu kupona. Mwaka 1943 alikwenda Hollywood. Alipoitwa jeshini alipangiwa huduma ya redio ya majeshi, jambo lililomweka karibu na waimbaji wakubwa wa wakati huo. Julai 1944 alipiga pamoja na Nat King Cole katika tamasha la kwanza la Jazz at the Philharmonic huko Los Angeles, na mwaka 1945 kundi lake lilimsindikiza Bing Crosby katika wimbo wa “It's Been a Long, Long Time”, uliofika nambari moja. Crosby alipenda masikio ya kijana huyu na kumhimiza awe na studio yake.

Studio hiyo ilikuwa gereji. Mashine ya kuchonga santuri aliiunda mwenyewe, na sahani yake ya kuzunguka ilikuwa flaiwili ya injini ya Cadillac. Uchaguzi huo ulikuwa na maana ya kifundi. Flaiwili ni nzito na imesawazishwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa, hivyo ikishaanza kuzunguka mwendo wake hauyumbi. Na mwendo usioyumba ndio unaoizuia noti ya santuri isipande na kushuka. Humo ndani Les alijifungia kutafuta sauti ambayo hakuna mtu mwingine angekuwa nayo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mama yake ndiye aliyemchokoza, baada ya kumsikia mpiga gitaa mwingine redioni na kudhani ni mwanawe.

Njia yake ilikuwa hivi. Alirekodi gitaa moja kwenye santuri. Kisha akaipiga santuri hiyo huku yeye akipiga gitaa la pili, na mchanganyiko wa mawili ukachongwa kwenye santuri mpya. Santuri ya pili ikazaa ya tatu, na kadhalika. Baadhi ya sehemu alizirekodi mashine ikienda nusu mwendo, ili zikirudishwa kwenye mwendo wa kawaida ziwe na kasi maradufu na sauti ya juu kama ya kengele ndogo. Matokeo yake, “Lover”, yalitolewa na kampuni ya santuri ya Capitol mwaka 1948: magitaa manane, yote yakiwa mikononi mwa mtu mmoja. Ikumbukwe kwamba kila santuri mpya ilipoteza usafi kidogo na kuongeza mkwaruzo kidogo, na kosa la gitaa la nane lilimaanisha kuchonga tena. Uvumilivu huo unastahili kuheshimiwa kama unavyoheshimiwa ufundi wa vidole vyake.

Januari 1948 gari alilopanda liliteleza kwenye barafu katika jimbo la Oklahoma na kutumbukia bondeni. Kiwiko cha mkono wake wa kulia kilisagika. Madaktari walimweleza kwamba mkono ungeweza kuokolewa lakini kiungo hakingekunjika tena. Popote watakapoufunga, hapo ndipo utakapobaki. Les aliwaomba waukunje karibu na pembe mraba, uelekee tumboni, ili aweze kushika gitaa. Kila alichokipiga kuanzia hapo, zikiwemo nyimbo zake zote zilizouzwa zaidi, kilipigwa na mkono huo usiokunjuka.

Dereva siku ya ajali alikuwa mwimbaji Iris Colleen Summers, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Mary Ford. Walifunga ndoa Desemba 1949. Mwaka huohuo Bing Crosby alimletea Les rekoda ya utepe ya kampuni ya Ampex, teknolojia iliyokuwa imetoka Ujerumani baada ya vita. Rekoda ya aina hiyo ina vichwa vitatu vilivyopangwa kwa mstari: cha kwanza kinafuta, cha pili kinaandika, cha tatu kinasoma. Les alifunga kichwa cha nne, cha kusoma, kabla ya kile cha kufuta. Hivyo sauti ya zamani ilisomwa kabla haijafutwa, ikachanganywa na sauti mpya aliyokuwa anaipiga wakati huohuo, na mchanganyiko ukaandikwa tena juu ya utepe uleule. Badala ya karakana iliyojaa santuri, sasa alikuwa na mashine moja inayoingia ndani ya buti ya gari, na wao wawili wakawa wanarekodi vyumbani kwao na hata hotelini wakiwa safarini.

Njia hiyo ilikuwa na ukali wake. Sauti ya zamani ilifutwa kila mara mpya ilipoongezwa, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma. Mary akikosea herufi moja katika sauti ya kumi, au ndege ikipita juu ya nyumba, kazi yote iliyotangulia ilikuwa imekwisha. Tena, kilichorekodiwa kwanza kilipita kwenye utepe mara nyingi zaidi na kuchakaa zaidi. Ndiyo maana walianza na sehemu zenye umuhimu mdogo, wakaacha sauti kuu na gitaa la kuongoza viwe vya mwisho. Mtu aliyefanya hivyo alilazimika kuwa na wimbo mzima kichwani, kuanzia mwisho wake, kabla hajabonyeza kitufe cha kwanza. Les pia alimsogeza Mary karibu kabisa na maikrofoni wakati desturi ya studio ilikuwa mwimbaji asimame mbali. Ndipo ikapatikana ile sauti laini, ya karibu na sikio, ambayo waimbaji wa leo wanaiona ya kawaida.

“How High the Moon” ilirekodiwa kwa njia hiyo katika nyumba yao ya kupanga huko Queens na kutolewa mwaka 1951. Ilikaa nambari moja Marekani kwa wiki tisa. “Vaya con Dios” ilifuata mwaka 1953 na kushika nafasi hiyohiyo. Wakawa na kipindi cha televisheni kilichorekodiwa nyumbani kwao Mahwah, New Jersey, nyumba ambayo nusu yake ilikuwa studio. Utepe wa tabaka uliwatatiza katika jambo moja: jukwaani walikuwa wawili tu, na watu walitaka kusikia umati wa santuri. Les akaunda kisanduku kidogo alichokifunga juu ya gitaa, akakiita Les Paulverizer, kilichomwezesha kuziendesha rekoda zilizofichwa nyuma ya pazia huku akiendelea kupiga. Wapiga gitaa wa leo wanaokanyaga pedali ili kurudia kipande walichokipiga sekunde chache zilizopita wanaendeleza kazi ya kisanduku hicho.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuziachanisha sauti. Les aliagiza kwa Ampex mashine ambayo ingegawa utepe wa upana wa inchi moja katika njia nane, kila njia ikirekodiwa na kufutwa bila kuzigusa nyingine. Mhandisi Ross Snyder wa kampuni hiyo alitatua tatizo lililokuwa gumu kuliko yote, la kufanya sauti mpya iende sawia na ya zamani, kwa kukitumia kichwa cha kuandika kama kichwa cha kusoma pale inapohitajika. Mashine hiyo ilimfikia Les mwaka 1957 na ilimgharimu dola 10,000. Ukubwa wa mabadiliko hayo unaonekana ukitazamwa muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970: bendi nzima, waimbaji na wapuliza matarumbeta pamoja, iliingia studio na kupiga wimbo kwa mkupuo mmoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kurekodi huko kulikuwa na uzuri wake, na kulidai bendi iliyoiva. Ila mtayarishaji wa Sinza au Kariobangi anayemwita mpiga solo Jumanne na mwimbaji Alhamisi anafanya kazi ndani ya utaratibu uliokamilishwa Mahwah.

Gitaa lenye jina lake lilikuja katikati ya mafanikio hayo. Mwaka 1950 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la umeme la ubao mgumu, likauzika, na Gibson ikamkumbuka yule kijana wa gogo. Gibson Les Paul ya kwanza ilitoka mwaka 1952 ikiwa na mwili wa mahogani, kifuniko cha mbao ya mepo na rangi ya dhahabu. Nani hasa alilibuni ni hoja iliyobishaniwa. Les alidai mengi. Ted McCarty, aliyekuwa mkuu wa Gibson, alieleza kwamba gitaa lilikuwa karibu limekamilika lilipoletwa mbele ya Les. Jambo lisilo na ubishi ni daraja la kwanza, ambalo lilikuwa la Les na halikufaa: kwenye gitaa lile nyuzi zilipita chini ya kijiti badala ya juu, na mpigaji akashindwa kuzizima kwa kiganja. Lilibadilishwa mapema. Mwaka 1957 Seth Lover wa Gibson alilipatia gitaa hilo pikapu mpya yenye koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo wa umeme unaoingia kwa koili moja ufutwe na ule wa koili ya pili, na sauti ya uzi ibaki. Kati ya 1958 na 1960 yakatengenezwa magitaa yenye rangi ya machweo, yasiyofika 2,000, na wanunuzi hawakuyachangamkia. Mwaka 1961 Gibson ikabadilisha umbo, na muda si mrefu jina la Les likaondolewa.

Miaka hiyo ilikuwa ya kushuka kwake pia. Rock and roll ilikuwa imewachukua vijana, na yeye na Mary wakatalikiana mwaka 1964. Kilichofuata hakukipanga. Mwaka 1966 kijana Mwingereza Eric Clapton alirekodi na bendi ya John Mayall akitumia Les Paul ya zamani kupitia amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa hadi mwisho. Mlio mnene unaonyoosha noti kwa muda mrefu, ulioanzia kwenye kipande cha reli, ulipata muziki uliouhitaji. Vijana wakaanza kuyasaka magitaa yaliyodharauliwa, na mwaka 1968 Gibson ikarudi kuyatengeneza. Ajabu ni kwamba Les hakuyatumia jinsi yalivyotoka kiwandani. Aliyachimba, akabadilisha pikapu na nyaya, na kupendelea koili zenye ukinzani mdogo ambazo sauti yake haififii hata kebo ikiwa ndefu. Gibson Les Paul Recording ya mwaka 1971 ilifuata njia yake hiyo. Haikupata wanunuzi wengi.

Albamu ya “Chester and Lester”, aliyoipiga na mpiga gitaa mwenzake Chet Atkins mwaka 1976, ilipata tuzo ya Grammy. Baada ya upasuaji mkubwa wa moyo alirudi klabuni: kuanzia 1984 alipiga kila Jumatatu Fat Tuesday's mjini New York, na kuanzia 1996 klabu ya Iridium. Baridi yabisi ilikuwa imevikakamaza vidole vyake vingi, naye akazipanga upya nyimbo zake zote zipigike kwa vidole vichache vilivyobaki. Akiwa na miaka 90 alishinda tuzo mbili nyingine za Grammy, na mwaka 2005 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.

Anayetaka kuipima kazi hii kwa masikio yake aitafute “How High the Moon” ya 1951 na kuisikiliza kwa hedifoni. Azihesabu kwanza sauti za Mary, kisha magitaa, huku akikumbuka kwamba zote zimeandikwa juu ya utepe mmoja na kwamba iliyo mbele kabisa ndiyo iliyorekodiwa mwisho.